Jinsi ya kusoma viwango vya virutubishi vya kila siku na kuvitumia kwenye mlo wako

Wengi wetu hukutana na viwango vya virutubishi kupitia asilimia zilizochapishwa nyuma ya pakiti, au kwenye jedwali refu lenye miligramu huku na mikrogramu kule. Swali tunalokuja nalo ni dogo: je, ninachokula kinanitosha? Jedwali hutujibu kwa namba tupu, na namba isiyo na maelezo humtia mtu hofu bure, au humpa utulivu asiostahili kuwa nao.

Nimewahi kumwona mwanamume mwenye afya njema akipiga hesabu ya mlo wake, akapata miligramu 80 za vitamini C mahali ambapo jedwali linasema 90, kisha akajitangazia upungufu. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Alichokosea ni tafsiri, na kosa lake ni la kawaida mno, kwa hiyo nitamrudia huko mbele.

Namba nitakazotumia ni za Marekani na Kanada, isipokuwa nitakapotaja nyingine, kwa sababu zinaonyesha waziwazi jinsi kila kiwango kilivyopatikana.

Hatua ya 1: Jua viwango hivi viliwekwa kwa ajili ya nani

Viwango vya kwanza vya aina hii nchini Marekani vilitungwa mwaka 1941, vita vikiwa vimepamba moto na serikali ikitaka kujua askari na raia wapewe chakula kiasi gani ili wabaki na nguvu. Viliandikwa kwa ajili ya makundi ya watu, na sura hiyo haijawatoka hadi leo. Kila safu ya jedwali inazungumzia kundi zima: wanaume wa miaka 19 hadi 30, wajawazito, watoto wa mwaka 1 hadi 3.

Sharti la pili ni afya. Viwango vinamhusu mtu ambaye utumbo wake unafyonza chakula vizuri, figo zake zinafanya kazi na hana ugonjwa unaobadilisha mahitaji yake. Mwenye ugonjwa wa figo akifuata kiwango cha kawaida cha potasiamu anaweza kuhatarisha moyo wake. Aliyekatwa sehemu ya tumbo anaweza kula vitamini B12 ya kutosha na mwili usiipokee. Hao wanahitaji mpango wa daktari au mtaalamu wa lishe, na jedwali la watu wenye afya waliweke pembeni.

Hatua ya 2: Tofautisha namba nne zinazofanana kwa sura

Hapa ndipo penye kiini cha mambo yote, na ndipo nitakapokaa muda mrefu zaidi.

Namba ya kwanza ni wastani wa mahitaji, inayoandikwa kwa kifupi EAR. Ni kiasi kinachotosheleza nusu ya watu wa kundi fulani. Nusu nyingine inahitaji zaidi ya hapo.

Namba ya pili ni kiwango kinachopendekezwa, RDA, na hii ndiyo watu huiita kiwango cha siku. Wataalamu huchukua ule wastani, wakaongeza akiba ya kutosha kuwafikia karibu watu wote, asilimia 97 hadi 98 ya kundi. Kwa virutubishi vingi huchukuliwa kwamba mahitaji ya watu wengi hutofautiana kwa takriban asilimia 10 kila upande wa wastani, na wachache huenda mbali zaidi, hivyo akiba huwa mara mbili ya hiyo, yaani asilimia 20. Kwa wanaume, wastani wa mahitaji ya vitamini C ni miligramu 75. Zidisha kwa 1.2 upate 90.

Sasa mtazame yule mwanamume wa miligramu 80. Yuko juu ya wastani, chini ya kinachopendekezwa. Kama 80 ndicho kiasi anachokula kwa kawaida, uwezekano kwamba kinamtosha ni karibu asilimia 75. Angekuwa anakula 60, ningemwambia abadilishe mlo wiki hii hii, kwa sababu hapo uwezekano wa kupungukiwa ungekuwa mkubwa sana. Angekula 90 na zaidi, angeweza kulala usingizi. RDA ni shabaha yenye akiba ndani yake, na anayeikosa kidogo bado anaweza kuwa salama kabisa.

Namba ya tatu ni kiasi cha kutosha, AI. Hii huwekwa pale ambapo ushahidi haukutosha kupata wastani wa mahitaji, kwa hiyo wataalamu wakaangalia watu wenye afya wanakula kiasi gani na kukichukua hicho. Vitamini K, potasiamu, nyuzinyuzi na maji vina kiwango cha aina hii. Hata viwango vya mtoto mchanga wa miezi 6 ya mwanzo karibu vyote ni vya aina hii: vilikokotolewa kutokana na maziwa ya mama, kwa wastani wa lita 0.78 kwa siku. Ukifikia AI, vizuri. Usipoifikia, namba hiyo haiwezi kukuambia kwamba umepungukiwa, kwa kuwa haikujengwa juu ya kipimo cha mahitaji.

Namba ya nne ni kikomo cha juu, UL. Ni kiasi kikubwa kabisa ambacho mtu anaweza kukitumia kila siku bila kutarajiwa kumletea madhara. Hakuna faida inayoahidiwa kwa kukikaribia. Na kirutubishi kisichowekewa kikomo, kama vitamini B12, kimekosa ushahidi wa kutosha wa kukiweka. Usitafsiri pengo hilo kuwa ruhusa ya kumeza bila kipimo.

Kabla ya kusoma namba yoyote, basi, tazama kichwa cha safu yake. Ukijua ni ipi kati ya hizi nne, umeshamaliza kazi kubwa.

Hatua ya 3: Tafuta safu yako, kisha angalia maelezo ya chini

Madini ya chuma ni mfano mzuri kuliko yote. Mwanamume mtu mzima anapendekezewa miligramu 8 kwa siku. Mwanamke wa miaka 19 hadi 50, miligramu 18. Akiwa mjamzito, 27. Akinyonyesha hushuka hadi 9, kwa sababu hedhi kwa kawaida haijarudi. Baada ya miaka 50 anarudi kwenye 8 kama mwanamume.

Angalia pia pengo lililopo kwa mwanamke huyo: wastani wa mahitaji yake ni miligramu 8.1, lakini kinachopendekezwa ni 18, zaidi ya mara mbili. Kanuni ya kuongeza asilimia 20 imeshindwa hapa. Damu ya hedhi hutofautiana mno kati ya mwanamke na mwanamke, na wachache hupoteza nyingi kiasi cha kuivuta namba juu ili nao wafikiwe. Mwanamke anayejijua kwamba hedhi yake ni nzito asijifariji kwa wastani. Namba 18 iliwekwa kwa ajili ya watu kama yeye.

Maelezo madogo chini ya jedwali ndiyo yanayorukwa zaidi, ilhali yanabeba mambo makubwa. Mvutaji sigara anahitaji miligramu 35 za vitamini C zaidi ya wenzake. Asiyekula nyama anakadiriwa kuhitaji madini ya chuma mara 1.8, kwa sababu chuma cha mimea hufyonzwa kwa shida kuliko cha nyama. Waliovuka miaka 50 wanashauriwa kupata sehemu kubwa ya vitamini B12 yao kutoka kwenye vyakula vilivyoongezewa au vidonge, kwa kuwa kwa baadhi yao tumbo halitoi tena asidi ya kutosha kuitenganisha na chakula.

Na mwanamke anayeweza kushika mimba anahimizwa kupata mikrogramu 400 za asidi ya foliki kila siku kutoka kwenye vidonge au vyakula vilivyoongezewa, juu ya foleti, vitamini hiyohiyo katika umbo lake la asili, iliyomo kwenye chakula cha kawaida. Ubongo na uti wa mgongo wa mtoto huanza kujifunga ndani ya siku 28 za mwanzo, wakati ambapo mama wengi hawajajua kama wana mimba. Kama kuna sentensi moja katika mwongozo huu ningependa mtu aichukue na kumpelekea ndugu yake, ni hii.

Hatua ya 4: Hakikisha unalinganisha vipimo vinavyolingana

Miligramu moja ni mikrogramu 1,000. Ukizichanganya, kosa lako ni mara elfu.

Vitamini D huandikwa kwa mikrogramu au kwa yuniti za kimataifa, IU. Mikrogramu 1 ni yuniti 40, kwa hiyo kiwango cha mikrogramu 15 na kile cha yuniti 600 ni kitu kimoja. Kwa vitamini A, mikrogramu 1 ya retinoli, ile inayopatikana kwenye ini na maziwa, ni sawa na mikrogramu 12 za betakarotini ya karoti na mboga za majani. Jedwali hukusanya zote katika kipimo kimoja kiitwacho RAE: 900 kwa mwanamume, 700 kwa mwanamke. Foleti nayo ina kipimo chake, DFE, kwa kuwa asidi ya foliki ya viwandani hufyonzwa vizuri zaidi: mikrogramu 240 zake zikiliwa pamoja na chakula hufanya kazi ya mikrogramu 400 za foleti ya chakula.

Mtego mwingine uko kwenye vidonge. Kidonge cha kalsiamu kabonati cha miligramu 1,250 kina kalsiamu miligramu 500 tu. Uzito uliobaki ni wa kabonati. Kidonge cha chuma salfeti cha miligramu 325 kina chuma takriban miligramu 65. Kinacholinganishwa na jedwali ni madini yenyewe, na maelezo mazuri ya kidonge huyataja kando. Yasipotaja, muulize mfamasia.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya siku kadhaa

Neno "kila siku" limewatesa watu wengi. Kiwango cha siku ni wastani wa muda. Hakuna saa mwilini inayolia usiku wa manane ukiwa hujatimiza. Vitamini A huhifadhiwa kwenye ini kwa miezi, na akiba ya B12 inaweza kumfikisha mtu miaka. Vitamini C haikai muda mrefu kiasi hicho, lakini hata yenyewe huchukua wiki kadhaa za kuikosa kabla kiseyeye hakijaonekana.

Andika basi unachokula kwa siku 3 ambazo si za mfululizo, moja ikiwa ya mapumziko, kwa sababu siku hizo watu hula tofauti. Andika kiasi kwa kipimo kinachorudiwa: kikombe, kijiko cha chakula, gramu. Usisahau vinywaji na mafuta ya kupikia. Kisha tafuta kila chakula kwenye jedwali la vyakula, lile linaloonyesha virutubishi vilivyomo katika kila chakula, jumlisha, gawanya kwa 3. Kwa virutubishi vilivyojaa kwenye vyakula vichache, kama vitamini A kwenye ini, siku 3 hazitoshi. Bora ujiulize unakila chakula hicho mara ngapi kwa mwezi.

Protini inahesabiwa kwa uzito: gramu 0.8 kwa kila kilo. Mtu wa kilo 60 anahitaji gramu 48. Gramu 48 za protini ni kitu kimoja, gramu 48 za nyama ni kitu kingine kabisa, maana sehemu kubwa ya nyama ni maji.

Maji watu huyaogopa sana. Kiasi cha kutosha ni lita 3.7 kwa mwanamume na 2.7 kwa mwanamke, lakini hayo ni maji yote, yakiwemo yaliyomo kwenye chakula, chai na maziwa.

Hatua ya 6: Nishati, wanga na chumvi zina kanuni zake

Hakuna RDA ya kalori, na sababu yake inafundisha. Ukiongeza akiba ya kuwafikia karibu watu wote, wengi watakuwa wanakula kupita mahitaji yao kila siku, na ziada ya nishati haipiti na mkojo kama vitamini C. Inageuka mafuta mwilini. Kwa hiyo nishati hukadiriwa kwa wastani tu, kulingana na umri, jinsia, urefu, uzito na shughuli. Mizani ya uzito, ikifuatiliwa kwa majuma, itakuambia zaidi kuliko fomula.

Wanga, mafuta na protini vina mgao wa asilimia za nishati kwa watu wazima: wanga 45 hadi 65, mafuta 20 hadi 35, protini 10 hadi 35. Anayekula kilokalori 2,000 atapata wanga gramu 225 hadi 325, kwa kuwa gramu 1 ya wanga ina kilokalori 4. Mahali pengine jedwali linasema wanga gramu 130, na watu hudhani kuna mgongano. Haupo. Ile 130 imekokotolewa kwa glukosi ambayo ubongo unaitumia. Mgao wa asilimia unazungumzia mlo mzima.

Kwa sodiamu, tangu mwaka 2019 kuna namba ya aina yake: miligramu 2,300, ambayo mtu mzima aliyeipita anashauriwa apunguze ili kujikinga na maradhi ya kudumu kama shinikizo la damu. Shirika la Afya Duniani linataka iwe chini ya 2,000, ambayo ni gramu 5 za chumvi. Kugeuza sodiamu kuwa chumvi, zidisha kwa 2.5.

Hatua ya 7: Pima vidonge kwa kikomo cha juu

Kwa chakula cha kawaida ni vigumu kuvuka kikomo, ingawa ini likiliwa mara kwa mara linaweza kukuvusha kwa vitamini A. Hatari kubwa huja na vidonge, hasa mtu anapomeza aina mbili au tatu zenye kirutubishi kilekile bila kujua. Viweke vyote mezani, andika dozi ya kila kirutubishi, jumlisha.

Kikomo cha mtu mzima kwa zinki ni miligramu 40; ukikipita kwa muda mrefu, zinki huzuia shaba kufyonzwa. Kwa chuma ni 45, kwa vitamini D mikrogramu 100, kwa vitamini C miligramu 2,000. Retinoli ina kikomo cha mikrogramu 3,000, na mjamzito akiizidisha mtoto anaweza kuzaliwa na kasoro. Betakarotini ya mboga haimo katika hesabu hiyo. Asidi ya foliki ya viwandani ina kikomo cha mikrogramu 1,000 kwa sababu inaweza kuficha dalili za upungufu wa B12 kwenye damu huku neva zikiendelea kuharibika.

Magnesi huwachanganya hata wasomaji makini. Mwanamume anapendekezewa miligramu 400 hadi 420, na kikomo chake ni 350. Kikomo chini ya kinachopendekezwa? Ndiyo, kwa sababu 350 inahesabu vidonge na dawa tu, ambavyo vikizidi huharisha. Magnesi ya mbegu na nafaka haiguswi na kikomo hicho.

Ukiwa chini ya matibabu, daktari anaweza kukuandikia dozi iliyo juu ya kikomo, mathalani chuma kwa mwenye upungufu wa damu. Usiikatize kwa sababu ya jedwali. Liliandikwa kwa wasio wagonjwa.

Hatua ya 8: Soma asilimia za pakiti kwa tahadhari

Pakiti haijui kama wewe ni mzee au kijana. Hutumia namba moja kwa wote, na kila eneo limechagua yake. Kalsiamu kwenye lebo za Marekani huhesabiwa kwa miligramu 1,300, za Umoja wa Ulaya kwa 800. Kinywaji chenye miligramu 400 kitaandikwa asilimia 31 huku na asilimia 50 kule. Chuma ni 18 na 14. Mwanamume anayesoma asilimia 50 kwenye lebo ya Marekani tayari amepata miligramu 9, ambazo zinazidi mahitaji yake ya siku nzima. Tafuta miligramu zenyewe, uzipeleke kwenye safu yako.

Tofauti hizi zina historia yake. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mjini Sheffield nchini Uingereza, watu waliojitolea walilishwa mlo usio na vitamini C hadi kiseyeye kikawashika. Miligramu 10 kwa siku zilitosha kuwaponya. Leo Uingereza inapendekeza 40 kwa mtu mzima, Shirika la Afya Duniani 45, Marekani 90 kwa mwanamume, Ulaya 110. Hakuna aliyedanganya. Kuna anayeuliza ni kiasi gani kinazuia ugonjwa, na kuna anayeuliza ni kiasi gani kinazijaza seli akiba. Chagua mfumo mmoja ubaki nao, kwa maana ukiokota namba hapa na pale utajikuta unajipima kwa rula mbili.

Hatua ya 9: Amua la kufanya

Ukiwa umefikia RDA, endelea. Ukiwa kati ya wastani na RDA, ongeza chakula kimoja chenye kirutubishi hicho, kisha rudia hesabu baada ya mwezi. Ukiwa chini ya wastani, badilisha mlo sasa.

Lakini upungufu hauthibitishwi kwa kalamu. Kama unachoka bila sababu, unapumua kwa shida ukipanda ngazi, miguu inakufa ganzi au hedhi inazidi, nenda ukapimwe: himoglobini na feritini (kipimo cha akiba ya chuma) kwa madini ya chuma, B12 kwa ganzi. Beba ile karatasi ya siku 3 pamoja na orodha ya vidonge na dozi zake. Mtaalamu atakayeisoma ataanza kazi na nusu ya majibu mkononi.